Pembe au Bibi: Nyaraka za Khati ya Kiarabu katika Njia ya Tabora

Njia ya misafara kutoka Bagamoyo kupitia Tabora hadi Ujiji iliacha barua, hati za deni na kumbukumbu za safari zilizoandikwa kwa khati ya Kiarabu katika karne ya 19, nyingine kwa lugha ya Kiarabu, nyingine kwa Kiswahili. Nyaraka hizo zinapingana na dai lililozoeleka kwamba magharibi ya Tanzania haikuwa na maandishi kabla ya wamisionari, kwa hiyo historia yake itafutwe kwa wazee au katika shajara za wasafiri wa Ulaya tu. Dai hilo halihitaji kujibiwa kwa kirefu. Biashara ya mkopo, iliyomdai mtu wa Tabora kwa mali aliyoichukua Unguja, isingeendeshwa kwa ahadi za mdomo mtupu.

Habari za mji wa Tabora wenyewe zinajulikana. Wasafiri Waingereza Burton na Speke walipofika huko Novemba 1857, sehemu ya nchi ya Unyanyembe walikokaa wafanyabiashara wa Kiarabu ikiitwa Kazeh, walipokewa na Snay bin Amir, mtu wa kabila la Harthi. Burton alimsifu kwa usomi na kumbukumbu yake, na mengi aliyoandika kuhusu falme za kaskazini, Buganda ikiwamo, aliyapata kwake. Kitabu chake kinachohesabiwa kuwa chanzo cha kwanza cha bara kina msomi wa Kazeh nyuma yake.

Khati haikuwa ya Waarabu peke yao. Mtemi Mirambo wa Urambo, aliyeanza vita na wafanyabiashara wa Tabora mwaka 1871, hakujua kusoma wala kuandika, lakini alikuwa na watu wa kumwandikia, na barua zake zilifika hadi kwa balozi wa Uingereza Unguja, John Kirk. Barua za Kiswahili za wakati ule zilikuwa na umbo lake: hutangulia salamu ndefu za Kiarabu na sifa za mpokeaji, kisha huja “ama baadu”, ndipo habari yenyewe ianze kwa Kiswahili.

Andiko kubwa kuliko yote la njia hii ni Maisha ya Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip. Baba yake, Muhammed bin Juma, alikuwa na makazi karibu na Tabora na alioa katika nyumba ya mtemi Fundikira wa Unyanyembe. Tippu Tip aliandika kwa Kiswahili, kwa khati ya Kiarabu, kwa ombi la Mjerumani Heinrich Brode, ambaye aliyageuza maandishi hayo kuwa ya Kirumi na kuyachapisha Berlin mwaka 1902 na 1903. Wapo wanaokishuku kitabu hicho kwa sababu kiliombwa na mtumishi wa dola ya kikoloni. Hoja hiyo haifiki mbali: aliyeomba si aliyesimulia, na msimulizi anajisifu pale apendapo na kunyamaza pale apendapo, hasa kuhusu watu waliotekwa. Wengine hulalamika kwamba hakuweka tarehe. Hilo ni kweli, na linastahili uvumilivu zaidi, kwani mwandishi alipima maisha yake kwa frasila za pembe, bei na madeni, kama mfanyabiashara yeyote.

Ugumu wenyewe wa kusoma nyaraka hizi uko katika khati. Kiarabu kina alama tatu tu za irabu fupi, hivyo “e” na “i” huandikwa sawa, na “o” na “u” vilevile. Waandishi wengi waliandika “p” kwa herufi ya “b”, wakaiacha “m” au “n” iliyotangulia konsonanti nyingine. Kwa mtindo huo, neno “pembe” linaweza kusomeka “bibi”. Muktadha humwokoa msomaji penye bidhaa, lakini jina la kijiji cha Kinyamwezi halina muktadha wa kuliokoa. Brode alimfahamu Tippu Tip na aliweza kumwuliza. Msomaji wa leo hana wa kumwuliza.

Hati za deni zilihifadhika kuliko barua, kwa sababu nyingi ziliandikishwa Unguja. Mfanyabiashara aliweka rehani nyumba au shamba ili apate nguo na shanga za kupeleka bara, mara nyingi kwa wenye mitaji wa Kihindi kama Taria Topan, aliyemkopesha Tippu Tip. Wanahistoria Fahad Bishara na Thomas McDow wameonyesha jinsi karatasi hizo zilivyoiunganisha Omani, Unguja na bara. Kwenye matembe ya Tabora, mchwa, mvua na moto wa vita havikuacha mengi, na khati ya Kirumi ilipotawala shuleni, wajukuu hawakuweza tena kusoma sanduku la babu.

Mkusanyiko wa hati na vitabu vya Kiarabu wa Zanzibar uliingizwa katika Kumbukumbu ya Dunia ya UNESCO mwaka 2003. Majalada ya Kijerumani yaliyoko Dar es Salaam yalitangulia mwaka 1997. Mwaka 2006 Tanzania iliipendekeza njia yenyewe kuwa urithi wa dunia, ikitaja Bagamoyo, Mamboya, Mpwapwa, Kilimatinde, Kwihara na Ujiji. Hivyo kuta za njia zinatunzwa bara na karatasi zake ng’ambo ya bahari, na anayetaka kusoma jina la kijiji cha Unyanyembe katika karatasi hizo bado anamhitaji mtu anayekijua kijiji hicho.