Maneno ya Wacheza Besiboli

Ndugu zangu, mliokuwa bwenini katikati ya miaka ya sitini mtamkumbuka mwalimu wetu wa hesabu kutoka Marekani, aliyekuja na gongo la besiboli (la kuchezea, si la kunywa) pamoja na glavu moja ya ngozi. Mchezo wenyewe haukutuingia hata kidogo. Sisi tulikuwa watoto wa kandanda, na kusimama juani tukingoja kimpira kitufikie tuliona ni adhabu. Lakini maneno yake yalitunasa. Mpira ukipaa juu sana kisha ukashuka polepole hadi mikononi mwa mtu, mwalimu aliuita kopo la mahindi. Tulicheka hata tukauangusha.

Wamarekani husimulia kwamba wenye maduka wa zamani walipanga makopo kwenye rafu za juu. Mteja akitaka la mahindi, mwenye duka alilisukuma kwa fimbo, akalidaka kwa aproni.

Mrushaji wa mkono wa kushoto huitwa "southpaw", yaani kiganja cha kusini. Ilielezwa kwamba viwanja vilipangwa ili mpigaji aelekee mashariki, jua la alasiri lisimchome macho. Basi mrushaji anayemkabili hutazama magharibi, na mkono wake wa kushoto huwa kusini. Maelezo matamu hayo, hata mwalimu wa jiografia angeyapenda! Kwa bahati mbaya neno hilo limekutwa katika maandishi ya mwanzoni mwa karne ya 19, kabla ya viwanja hivyo kuwapo. Mimi bado nawasimulia wajukuu ile hadithi ya jua.

Lakini neno lililosafiri mbali kuliko yote ni jazi. Aprili 1912, gazeti la Los Angeles Times liliandika habari za Ben Henderson, mrushaji wa Portland, aliyejigamba kuwa na mpira aliouita wa jazi, unaoyumbayumba hewani hata mpigaji asijue la kufanya. Mwaka uliofuata waandishi wa michezo wa San Francisco walilitumia neno hilo kwa maana ya nguvu na uchangamfu. Kufikia 1915 lilikuwa limefika Chicago, likaitwa muziki. Sisi tuliotoroka bweni kwenda kucheza Western Jazz na Morogoro Jazz hatukujua kwamba tunacheza jina lililopitia mikononi mwa warusha mipira.

Nimeshika kalamu hasa kwa sababu ya Dizzy Dean. Huyu alishinda michezo 30 kwa timu ya St. Louis Cardinals mwaka 1934, na mkono ulipomharibikia akawa mtangazaji wa redio. Shule alisoma kidogo tu. Mchezaji akiteleza kuingia kituoni, Dean alisema "slud", neno lisilomo katika sarufi yoyote ya Kiingereza. Mwaka 1946 ikavuma habari kwamba walimu wa Missouri wamemlalamikia kuwa anawaharibu watoto. Wasikilizaji wakamtetea, naye akaendelea kutangaza miaka mingi.

Niliposoma habari hiyo nilimkumbuka mwenzetu mmoja aliyetangaza mechi zetu akiwa juu ya mwembe. Beki mzito alimwita lori la pamba. Kipa anayepitisha magoli, bomba linalovuja. Mimi nilikuwa kiranja, na katika daftari langu niliandika majina ya wenye kutumia maneno ya kihuni. Jina lake nililiandika mara tatu katika muhula mmoja. Baada ya mara ya tatu akakatazwa kupanda mwembe, na mechi zetu zikachezwa kimya hadi tulipomaliza kidato cha nne. Hakunisema hata siku moja.

Mwenzetu huyo amekwisha fariki. Katika maneno yake yote nimebaki na hayo mawili tu. Anayeyakumbuka mengine na amwandikie mhariri, au aje nayo siku ya mkutano wetu. Daftari ninalo, na kurasa bado zipo.