Kiharusi cha Mishipa Midogo na Dawa ya Kuyeyusha Damu Iliyoganda

Kiharusi cha mishipa midogo kilifahamika kwanza kwa kupasua maiti. Mwaka 1901 Pierre Marie, daktari wa hospitali ya Bicêtre iliyo kando ya Paris, alieleza vishimo vidogo alivyovikuta katika bongo za wazee waliopooza upande mmoja wa mwili, vishimo ambavyo madaktari wa Ufaransa walikuwa wakiviita lakuna tangu nusu ya kwanza ya karne iliyotangulia. Lakuna, ambayo kwa kawaida haizidi upana wa milimita 15, hubaki pale tishu ya ubongo inapokufa baada ya kuziba kwa mshipa mwembamba uendao kwenye vina vya ubongo. Na kwa kuwa huko nyuzi za neva za uso, mkono na mguu zimebanana, jeraha dogo mno laweza kumpoozesha mtu nusu ya mwili.

Aliyelichimbua jambo hili kuliko wote ni C. Miller Fisher, Mkanada aliyefanya kazi katika Hospitali Kuu ya Massachusetts, Boston, ambaye mwaka 1965 alitoa matokeo ya uchunguzi wa bongo 1,042 za watu wazima, 114 kati yake zikiwa na lakuna. Fisher alikuwa akikata kipande cha ubongo kuwa matabaka membamba mfululizo, kisha akiyapitia moja baada ya jingine kwa hadubini, ili aufuate mshipa mmoja tangu ulipochipukia hadi ulipozibia. Kazi ya kuchosha ambayo wachache waliirudia, na pengine ndiyo maana maelezo yake yalitawala kwa muda mrefu. Alichokiona mara nyingi ni ukuta wa mshipa ulioharibiwa na shinikizo la juu la damu, ukanenepa hadi njia ikajifunga. Hapo ndipo ilipozaliwa shaka iliyodumu kwa miongo: ikiwa ugonjwa uko ukutani, dawa ya kuyeyusha damu ingeyeyusha nini? Fisher mwenyewe, ni haki kusema, alikuta pia mishipa iliyozibwa na damu iliyoganda juu ya utando wa mafuta.

Dawa yenyewe, alteplesi, ni nakala ya protini ambayo mwili huitumia kuvunja nyuzi za faibrini zinazoshikilia bonge la damu. Ilitokana na utafiti wa Désiré Collen wa Leuven, Ubelgiji, na uhandisi wa jeni wa kampuni ya Genentech ya California, ikaidhinishwa Marekani mwaka 1987 kwa wagonjwa wa mshtuko wa moyo. Zamu ya ubongo ilifika Desemba 1995, yalipochapishwa matokeo ya wagonjwa 624 waliopewa alteplesi au dawa bandia ndani ya saa 3 tangu dalili kuanza: miligramu 0.9 kwa kila kilo ya uzito, sehemu ya kumi ikidungwa kwa mkupuo na iliyosalia ikiingizwa kwa dripu ya saa moja. Waliopata dawa walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi, kwa asilimia 30 au zaidi, wa kubaki bila ulemavu au na ulemavu mdogo baada ya miezi 3, ingawa asilimia 6.4 yao walivuja damu ubongoni kwa kiwango cha kuleta dalili, dhidi ya asilimia 0.6 ya wenzao.

Wenye kiharusi cha mishipa midogo hawakutengwa, wala isingekuwa rahisi kuwatenga, kwani picha ya CT katika saa za mwanzo huonyesha kama damu imevuja lakini aghalabu haionyeshi lakuna changa. Nao pia walionekana kunufaika. Haraka ya matibabu, kwa hiyo, iliupita mjadala wa wanapatholojia bila kuumaliza. Uchunguzi wa karibu zaidi ulikuja na jaribio la WAKE-UP la Ulaya, lililochapishwa mwaka 2018, ambamo picha za MRI ziliwatambua wagonjwa 108 wenye lakuna kati ya 503: asilimia 59 ya waliopewa alteplesi walipona vizuri, dhidi ya asilimia 46 ya wasiopewa, tofauti inayoelekea upande uleule na ya wagonjwa wengine, japo kwa idadi ndogo kama hiyo haikutosha kuwa ushahidi wa kujitegemea.