Deni la Nesi Anayevuka Mpaka

Huduma ya afya ya taifa ya Uingereza ilianza tarehe 5 Julai 1948, na mapema tu mikono ikawa haitoshi. Wakaitwa wauguzi kutoka visiwa vya Karibi. Baadaye ikafika zamu ya Afrika. Mwaka 1997 Nelson Mandela, akiwa rais, aliiomba Uingereza iache kuchukua manesi wa Afrika Kusini. Tuangalie hapo: ombi lilikwenda kwa nchi inayoita, si kwa nesi anayeitika.

Mwaka 1999 Uingereza iliziambia hospitali zake za umma ziache kwenda kuajiri huko. Lakini mawakala na hospitali za binafsi hawakufungwa na agizo hilo. Yaani mlango wa mbele ulifungwa, wa uani ukaachwa wazi.

Mei 2010 nchi wanachama wa Shirika la Afya Duniani zilipitisha kanuni: msiende kuwashawishi wafanyakazi wa afya kwenye nchi zenye upungufu mkubwa. Kanuni hiyo ni ya hiari, anayeivunja haadhibiwi. Pia inakubali kwamba mfanyakazi mwenyewe ana haki ya kuhama. Orodha ya mwaka 2023 ina nchi 55 za kulindwa. Kongo yetu imo, Burundi na Tanzania pia.

Vijana ninaofanya nao kazi hapa kambini hubishana sana juu ya hili. Wengine husema nesi anayekwenda Ulaya ni msaliti, maana nchi imemsomesha. Mimi siwezi kumwita mtu msaliti kwa kuvuka mpaka. Sisi sote humu tumevuka. Ila hasara naiona: nchi maskini inalipia masomo, tajiri anapokea mtu aliyeiva. Ni kuvuna shamba ambalo hukulima. Basi anayevuna alipe: ajenge vyuo kule alikovuna, asomeshe wengine. Na serikali ya nyumbani nayo ilipe mishahara kwa wakati, kwa sababu njaa nayo ni wakala.

Ndugu zetu wa mashirika, swali hili linawahusu na nyinyi. Nesi mnayemwajiri kwa mshahara mzuri ametoka zahanati gani, na nani amebaki pale? Wakati huohuo, humu tunao wauguzi waliosomea Kongo na Burundi, vyeti vyao vimekaa kwenye mifuko ya plastiki. Tusaidieni vitambuliwe.