Rangi za Kuvu za Mbao na Haki ya Njoro

Ziwa Nakuru halina mto ulitokao. Maji ya Mto Njoro yakishaingia humo huishia kuwa mvuke, na sehemu kubwa ya taka iliyochukuliwa nayo, iwe ya mashamba au ya viwanda, husalia pale pale. Kwa hiyo suala la rangi zitiwazo nguo na ngozi, ambalo kwingineko aghalabu ni la bei na mapambo, katika bonde hili lagusa uhai wa ziwa lenyewe. Nami nadai kwamba utafiti wa rangi za asili zitokazo katika kuvu ziozeshazo mbao wastahili kufanywa hapa, na matunda yake kumilikiwa hapa.

Mafundi wa Italia wa karne ya 15, waliopamba kuta kwa kupachika vipande vya mbao, walichagua miti iliyokwisha kugeuzwa kijani na kuvu iitwayo Chlorociboria, na kijani kile chaonekana hata leo. Katika zama zetu, watafiti wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Oregon, Marekani, wameonyesha kwamba kuvu hiyo, pamoja na wenzake watoao nyekundu na manjano, yaweza kuoteshwa katika kisahani chenye ute wa kimea uliotiwa unga wa mbao, kisha rangi ikakamuliwa na kutiwa vitambaa. Kwetu, katika nchi za joto, ipo Pycnoporus sanguineus, nyekundu ya kuelekea machungwa, ambayo huozesha magogo makavu na kutengeneza rangi iitwayo sinabarini. Mtaalamu huipasua kwa wembe uliopitishwa motoni, akatoa kijipande cha nyama ya ndani kisichoguswa na vumbi, akakilaza juu ya ute. Na kikishaota, huwa mbegu iwezayo kuhamishwa kutoka chombo hadi chombo pasipo kurudi tena msituni, ilhali atafutaye rangi katika magome na mizizi hana budi kuujeruhi mti kila mara. Ugumu upo, wala si mdogo: baadhi ya kuvu hizi hukua polepole mno, na baadhi ya viyeyusho vya kukamulia vina sumu, hata isifae kuvitumia kabla ya kupatikana njia salama ya kuvirejesha na kuvitumia tena.

Ujuzi si mgeni kwetu. Katika Chuo Kikuu cha Egerton, kilichoanza mwaka 1939 kama shule ya kilimo pale Njoro, mwanakemia Josphat Matasyoh na wenziwe, wakishirikiana na wataalamu wa Ujerumani, wamechunguza kuvu za misitu ya Kenya wakitafuta dawa. Na aliyeweza kutenga dawa katika kuvu hashindwi kutenga rangi.

Lakini mfano wa kututahadharisha u karibu. Mwaka 1992 vijidudu vilichukuliwa katika maziwa ya magadi ya Bonde la Ufa. Baadaye kampuni ya Genencor ya Marekani ikauza vimeng'enya vilivyotokana na vijidudu hivyo kwa kazi ya sabuni na ya kufifisha jinzi, na mwaka 2004 Shirika la Huduma kwa Wanyamapori la Kenya likadai fungu lake, baada ya mali kwisha kutoka. Mwaka 2007 shirika hilo lilifunga mkataba wa kugawana faida na kampuni ya Novozymes, jambo linalothibitisha kwamba yawezekana kutangulia.

Basi nawasihi wakuu wa Egerton na serikali ya kaunti: kuvu za rangi zikusanywe katika msitu wa Mau kwa kibali, mbegu zake zihifadhiwe Njoro, na mikataba iandikwe kabla ya kijipande cha kwanza kuvuka mpaka.