Waliobeba Mizigo ya Vita

Katika kisiwa chetu cha Mafia, mazungumzo juu ya utawala wa Kijerumani aghalabu huishia kwenye kauli moja: Mjerumani alikuwa mkali, lakini alikuwa mtu wa haki. Utaisikia barazani Kiegeani, utaisikia Kilindoni, na hata Chole ambako magofu ya majengo yake yangali yamesimama. Kauli hii si ya kupuuzwa, maana wanaoisema hawana nia mbaya. Lakini inafaa tujiulize imetoka wapi, na imeficha nini.

Kauli hiyo ina ndugu yake huko Ujerumani. Baada ya Vita Kuu ya Pili, majenerali walioshindwa walieneza habari kwamba jeshi lao lilipigana kwa heshima, na kwamba mauaji yote yalikuwa kazi ya Hitler na vikosi vyake vya SS. Mwaka 1950 maofisa wa zamani walikutana katika monasteri ya Himmerod kupanga jeshi jipya, na moja ya madai yao lilikuwa kwamba heshima ya askari wa Kijerumani irudishwe. Wakubwa wa Magharibi, waliokuwa wakiwahitaji dhidi ya Urusi, walikubali. Ilipofika 1995, maonyesho ya picha na hati yalipofunguliwa Hamburg kueleza jinsi jeshi hilo lilivyoshiriki kuua Wayahudi, mateka na raia, Wajerumani wengi walishtuka na wengine walikasirika.

Hata hivyo, hadithi ya jeshi safi haikuanza 1945. Miaka 25 kabla yake ilikwisha kushonwa kwa kitambaa cha huku kwetu, na aliyevikwa vazi hilo ni Paul von Lettow-Vorbeck.

Huyu ndiye aliyeliongoza jeshi la Wajerumani katika Afrika Mashariki tangu 1914. Aliwazungusha Waingereza miaka minne, akavuka Ruvuma kuingia Msumbiji Novemba 1917, akaweka silaha chini tarehe 25 Novemba 1918 huko Abercorn, ambayo leo ni Mbala nchini Zambia. Aliporudi Berlin mwaka 1919 alipokewa kwa gwaride. Taifa lililoshindwa lilipata jenerali ambaye, kwa maneno yake, hakushindwa, na ambaye askari wake weusi walimfuata kwa mapenzi. Hapo ndipo alipozaliwa "askari mwaminifu", shahidi wa kwamba Mjerumani alikuwa mtawala mwema.

Waingereza nao waliikubali hadithi hiyo. Mwaka 1929 Lettow alikuwa mgeni wa heshima jijini London, katika karamu ya maofisa waliopigana naye. Si ajabu. Ukiwa umesumbuliwa miaka minne na kikosi kidogo, ni afadhali useme umesumbuliwa na shujaa. Tena, kumsifu adui kwa uungwana ni njia ya kujisifu mwenyewe.

Sasa tuitazame vita hiyo kutoka upande wetu wa bahari. Januari 1915 Waingereza waliiteka Mafia ili waifanye kituo cha kuishambulia manowari Königsberg, iliyokuwa imejificha katika mikono ya mto Rufiji. Ndege ziliruka kutoka kisiwani kuitafuta na kuongoza makombora, na Julai mwaka huo ikaangamia. Habari hizi zimo katika vitabu vingi, pamoja na jina la nahodha na idadi ya mizinga. Mizinga kumi iliopolewa, ikapelekwa Dar es Salaam ikatengenezwe, kisha ikatumika nchi kavu. Lakini mzinga haujiendi. Ulivutwa na watu kwa kamba, katika matope na mchanga. Mizinga ilihesabiwa mmoja mmoja; majina ya waliovuta hayakuandikwa.

Hapo ndipo siri ya usafi wa jeshi lile ilipo. Askari mmoja aliyebeba bunduki alihitaji wapagazi kadhaa wa kubeba risasi, chakula na mizigo ya mabwana. Kadiri vita ilivyorefuka, watu walikamatwa vijijini kwa nguvu. Jeshi halikuwa na ghala la kulisha. Ghala lake lilikuwa shamba la mkulima. Ludwig Deppe, daktari aliyefuatana na Lettow, alikiri katika kitabu chake cha 1919 kwamba nyuma yao waliacha mashamba yaliyoharibiwa, akiba zilizoporwa na njaa. Ugogo, ambako majeshi ya pande zote mbili yalichukua ng'ombe, nafaka na vijana, njaa iliyoitwa Mtunya iliua watu kwa maelfu mengi. Na kwa upande wa Waingereza, wapagazi wapatao 95,000 walikufa, wengi kwa maradhi na uchovu. Wahenga walisema, wapiganapo fahali wawili ziumiazo ni nyasi. Lakini methali haisemi kwamba fahali huja baadaye wakapongezana juu ya nyasi hizo.

Wala njaa kama silaha haikuwa jambo geni kwa jeshi lile. Ng'ambo tu ya mkondo wetu, huko Mohoro, Kinjekitile alinyongwa Agosti 1905. Kisha, ili kuizima Majimaji, vikosi vya Kijerumani vilichoma vijiji na mazao kusini yote. Wajerumani wenyewe walikadiria waliokufa kuwa 75,000. Makadirio mengine yanafika 300,000. Lettow wakati ule alikuwa Namibia, chini ya Jenerali von Trotha, aliyetoa amri ya kuwaangamiza Waherero. Shule yake ya vita ilikuwa hiyo.

Na wale askari? Wengine walimpenda kweli. Alipozuru Tanganyika 1953, wazee wake walikuja kumlaki. Alipofariki mwaka 1964, serikali ya Bonn iliamua kuwalipa waliobaki mishahara waliyokuwa wakidai. Deni lililipwa baada ya miaka 46. Lakini mapenzi ya aliyebeba bunduki hayawezi kuwa ushahidi wa aliyebeba mzigo. Askari alikula, mkulima aliliwa akiba yake.

Novemba 2023 Rais Frank-Walter Steinmeier alisimama Songea akaomba msamaha kwa yaliyotendwa katika Majimaji. Ni jambo la kushukuru. Lakini vita ya 1914 bado husimuliwa kama mchezo wa mabingwa wawili, na sisi wenyewe tunasaidia kila tunaposema Mjerumani alikuwa mkali lakini wa haki. Haki ya mtawala haipimwi kwa unene wa kuta alizojenga, bali kwa kuuliza mawe yale yalibebwa na nani, na kama alirudi kwao.