Jarida la Wanafunzi na Yaliyofuata

Kazi yangu ya kwanza ya mshahara niliipata kwa sababu ya kijitabu cha kurasa 42, kilichorudufiwa kwa wino uliopaka vidole vya kila aliyekishika. Siku ya usaili, mzee mmoja aliyeketi katikati ya meza alikigeuzageuza, akauliza, "Hiki umekihariri wewe?" Nikajibu ndiyo, mimi na wenzangu wawili. Hakuuliza tena habari za alama zangu za mtihani, na heri hakuuliza. Tangu hapo nimekula ugali wa uhariri, aghalabu wa vitabu vya shule, kwa miaka thelathini na mmoja mpaka nilipostaafu. Basi msomaji ajue mapema kwamba ninapozungumza juu ya majarida ya wanafunzi sizungumzi kama mtu wa kando. Yamenilisha.

Tulipoingia chuo mwishoni mwa miaka ya sabini, jarida lililosimuliwa mabwenini lilikuwa limekwisha kufa zamani. Hilo ni Cheche, la Mlimani, Dar es Salaam. Toleo lake la kwanza lilitoka Novemba 1969, kwa juhudi za USARF, jumuiya ya wanafunzi wanamapinduzi iliyoanzishwa mwaka 1967, ambayo mwenyekiti wake wa kwanza alikuwa Yoweri Museveni kutoka Uganda. Waliolihariri walikuwa wanafunzi: Karim Hirji, aliyekuwa akisomea hisabati, Henry Mapolu na Zakia Meghji. Jina lilikuwa la Kiswahili lakini kurasa zilikuwa za Kiingereza, jambo ambalo limenikera siku zote, maana mkulima waliyemtetea asingeweza kulisoma hata angelipewa bure. Lakini walifanya kazi. Walter Rodney, aliyekuwa akifundisha historia chuoni hapo, aliandika humo. Na Septemba 1970 toleo maalumu zima lilitolewa kwa insha moja ndefu ya Issa Shivji, kijana wa sheria, juu ya mapambano ya kitabaka yaendeshwayo kimyakimya nchini Tanzania. Alipekua mashirika yaliyotaifishwa baada ya Azimio la Arusha la 1967, akaonyesha jinsi mikataba ya uendeshaji ilivyoyaacha bado mikononi mwa makampuni ya nje.

Novemba 1970 serikali ikalipiga marufuku jarida, na USARF nayo. Sababu iliyotolewa ilihusu jina: eti Cheche lilikuwa tafsiri ya jina la gazeti la Lenin, na Tanzania ilikuwa na ujamaa wake, haikuhitaji kuazima wa Warusi. Jarida lilikuwa limeishi mwaka mmoja tu.

Sasa tazama walikokwenda. Shivji akawa profesa wa sheria, na mwaka 2008 akawa wa kwanza kukalia Kigoda cha Mwalimu Nyerere. Zakia Meghji akawa mwanamke wa kwanza kuwa Waziri wa Fedha wa Tanzania, mwaka 2006. Hirji alikuwa mhadhiri kijana wa hisabati alipoondolewa chuoni mwaka 1974 na kupelekwa Sumbawanga kuwa ofisa mipango. Baadaye akawa profesa wa takwimu za tiba, na miaka arobaini hivi baada ya marufuku akaandika kitabu kizima juu ya jarida lile. Museveni tunajua alipofika mwaka 1986, na kwamba hajatoka. Meza ilikuwa moja, lakini huyu akawa waziri na yule akawa mkosoaji wa mawaziri.

Kwa hiyo mtu anaponiambia kuwa jarida humfungulia kijana njia ya maisha, namuuliza, njia ipi? Wale walikuwa na vichwa kabla ya Cheche. Jarida huwavuta walio na muwasho tayari. Ninachokubali ni kitu kimoja. Insha ya darasani husomwa na mtu mmoja, naye analipwa aisome. Insha ya jarida yaweza kusomwa na mtu mwenye uwezo wa kulifunga jarida. Aliyewahi kuweka jina lake chini ya insha ya namna hiyo akiwa na miaka ishirini na moja hawezi tena kuandika sentensi bila kujiuliza ataitetea vipi. Huo mimi nauita ufundi, na unakwenda na mtu popote, hata Sumbawanga.

Letu halikufungwa na mtu. Hapakuwa na sababu. Lilikuwa jarida la historia la chama cha wanafunzi katika idara moja, lilitoka mara tatu, kisha karatasi zikaadimika. Mimi nilishika kalamu nyekundu. Nilijifunza kunyoosha sentensi, kudai ushahidi, kukata. Hasa kukata, kwani kila ukurasa ulihitaji stensili yake, na stensili tulizipata kwa kuomba.

Katika toleo la pili ndugu mmoja, mwenyeji wa Kipatimu, alituletea makala juu ya Vita vya Maji Maji. Kwao ndiko vilikoanzia, Julai 1905, watu wa Matumbi walipong'oa pamba ya serikali ya Wajerumani. Sehemu ya mwanzo aliitoa vitabuni. Sehemu ya pili, kurasa tano, yalikuwa maneno ya bibi yake, aliyekuwa mtoto wakati ule: jinsi walivyolala msituni, jinsi mama yake alivyochimba mizizi baada ya askari kuchoma ghala, na mdogo wake gani alikufa kwanza katika njaa iliyofuata vita. Nilikata kurasa zote tano. Pembeni nikaandika: "Hakuna tarehe. Hakuna hati."

Aibu yangu ni kwamba nilikuwa na mfano mbele yangu. Mwaka 1968 wanafunzi wa historia wa Dar es Salaam, chini ya John Iliffe na Gilbert Gwassa, walikuwa wamefanya kazi hiyohiyo: wamekwenda kwa wazee wa nchi iliyopigana, wameketi nao, wameandika walichoambiwa. Mengi tunayoyajua leo ya upande wa waliopigana, juu ya dawa ile ya maji na jinsi ilivyosambaa, yametoka katika madaftari ya vijana wa umri wetu. Nilizisoma kazi zao kwa ajili ya mtihani. Lakini nilipopewa kalamu nikaogopa kuchekwa na wahadhiri, nikaona kwamba bibi wa mwenzangu si hati.

Makala yalitoka mafupi, safi, ya vitabuni matupu. Ndiyo yale ambayo mzee wa usaili aliyasoma mistari michache kabla ya kunipa kazi. Mwandishi wake hakutuletea kingine. Alikwenda kufundisha shule za msingi, na sikumwona tena kwa miaka mingi. Sidai kwamba mimi ndiye niliyemzuia asiwe mwanahistoria, angalijua mwenyewe. Ila nilimkumbuka kila nilipohariri sura ya Maji Maji katika vitabu vya darasa, maana kila mara sura ile ilikosa mtu mwenye njaa.

Baada ya kustaafu nilimtafuta, nikamfuata Kipatimu. Alinipokea kwa kicheko: "Karibu, ndugu mhariri!" Hakuniita kwa jina langu hata mara moja siku ile. Tulipokwisha kula nilimwambia kilichonileta. Akanyamaza kidogo, kisha akaingia ndani, akatoka na daftari lililofungwa kwa uzi. Kurasa tano zilikuwamo, na wekundu wangu juu yake, umefifia.

"Ulisema hakuna tarehe," akasema. "Bibi alikwambia mdogo wake alizaliwa pamba ilipopandwa mara ya pili, na akafa kabla ya kuota meno. Hiyo si tarehe?"

Ilikuwa tarehe. Ningeuliza tu, ingepatikana. Lakini bibi alikuwa amefariki mwaka uleule toleo lilipotoka, na nilichotaka kumuuliza sasa, juu ya jina la yule mtoto, mjukuu wake naye hakulijua.

Nilizinakili kurasa zote tano jioni ile, kwa mkono, yeye akinisomea pale ambapo wino wangu ulikuwa umefunika maneno yake. Mahali pawili hata yeye alishindwa kusoma. Hapo nimeacha nafasi wazi.