Moto wa Vita Baridi katika Nyika ya Wakazakh

Uhasama uliokuwapo baina ya Marekani na Umoja wa Kisovieti, tangu kumalizika kwa Vita Kuu ya Pili mwaka 1945 hadi kuvunjika kwa Umoja huo mwezi Desemba 1991, umezoeleka kuitwa Vita Baridi. Makusudio ya jina hilo ni kuwa madola hayo mawili makubwa hayakupigana ana kwa ana. Kila moja lilikuwa na silaha za kuliangamiza jingine, na hofu hiyo ikazuia vita. Hivyo ndivyo tulivyosomeshwa shuleni, na kwa kiasi chake ni kweli.

Lakini, ndugu msomaji, iko hesabu ambayo maelezo hayo huiacha kando. Katika miaka hiyo Marekani ilifanya majaribio ya silaha za nyuklia zaidi ya 1,000, na Umoja wa Kisovieti ulifanya 715. Mabomu hayo yaliripuliwa angani, juu ya ardhi, baharini na ndani ya milima, na sehemu hizo zilikuwa na wenyewe. Basi tujiulize: ni nani aliyebeba madhara ya ugomvi huu, na je, aliulizwa?

Mashindano yalivyoanza

Tarehe 6 na 9 Agosti 1945 Marekani iliangusha mabomu ya atomiki juu ya miji ya Hiroshima na Nagasaki nchini Japani. Sehemu kubwa ya madini ya urani yaliyotumika katika mradi wa kuunda mabomu hayo ilichimbwa Shinkolobwe, Katanga, katika Kongo iliyokuwa chini ya Ubelgiji. Hivyo tangu mwanzo wa jambo hili jasho la Mwafrika lilikuwamo, ilhali mradi wenyewe ulikuwa siri kubwa.

Stalin hakukubali kubaki nyuma. Kazi ya kuunda bomu la Kisovieti aliikabidhi kwa Lavrenti Beria, mkuu wa vyombo vya usalama, na upande wa elimu ukaongozwa na mwanafizikia Igor Kurchatov. Tarehe 29 Agosti 1949 bomu lao la kwanza liliripuliwa. Tangu hapo kila hatua ya mmoja ilijibiwa na mwingine. Mwezi Novemba 1952 Marekani ilijaribu bomu la haidrojeni. Agosti 1953 Wasovieti wakajibu kwa la kwao. Tarehe 1 Machi 1954, katika kisiwa cha Bikini, Marekani iliripua bomu lenye nguvu za takriban mara elfu ya lile la Hiroshima. Tarehe 30 Oktoba 1961 Wasovieti wakaripua kubwa zaidi ya hilo kwa zaidi ya mara tatu, huko Novaya Zemlya. Mwaka uliofuata, katika mgogoro wa makombora ya Kuba, dunia ilifika ukingoni mwa maangamizi. Kufikia 1986 vichwa vya nyuklia duniani vilikadiriwa kufika 70,000, karibu vyote vikiwa mikononi mwa madola hayo mawili.

Nchi iliyohesabiwa kuwa tupu

Bomu lile la 1949 liliripuliwa katika nyika ya mashariki ya Kazakhstan, magharibi ya mji wa Semipalatinsk, ambao tangu 2007 unaitwa Semey. Serikali ilitenga huko eneo la kilomita za mraba zipatazo 18,000 na kulifanyia hesabu ya jangwa lisilo na watu. Ukweli ni kuwa pembezoni mwake palikuwa na vijiji vya wafugaji wa kondoo na farasi: Dolon, Sarzhal, Kaynar, Karaul. Si mbali na hapo, kwenye milima ya Chingiz, ndiko alikozaliwa Abai Kunanbayev (1845–1904), mshairi na mwanafikra mkubwa wa Wakazakh, ambaye alisoma katika madrasa ya mji huohuo wa Semipalatinsk.

Watu hawa walikuwa Waislamu, na walikuwa wameshapigwa kabla ya bomu. Baina ya 1930 na 1933, mifugo ilipochukuliwa kwa nguvu na wafugaji kulazimishwa kuingia mashamba ya pamoja, njaa iliwaua watu wapatao milioni moja na nusu katika nchi hiyo. Misikiti na madrasa zilifungwa, na wanazuoni wakafungwa au kuuawa. Jamii iliyonyang'anywa mali yake na viongozi wake haikuwa na wa kuisemea pale jeshi lilipokuja kuweka uzio.

Baina ya 1949 na 1989 yalifanyika hapo majaribio 456. Kati ya hayo, 116 yalikuwa ya juu ya ardhi na angani, na yaliendelea hadi 1962. Upepo wa siku ile ya kwanza ulipeleka vumbi la mionzi hadi Dolon. Wazee wa Karaul wamesimulia kwamba mwaka 1953 watu wao walihamishwa kabla ya mripuko, lakini wanaume wapatao 40 wakaachwa nyuma. Mwaka 1956 vumbi la jaribio jingine lilifika mji wa Ust-Kamenogorsk, na watu zaidi ya 600 wakalazwa kwa maradhi ya mionzi.

Mwaka 1957 ilifunguliwa Semipalatinsk zahanati iliyopewa jina la kupambana na ugonjwa wa brusela, ambao ni maradhi ya mifugo. Kazi yake hasa ilikuwa kuchunguza kwa siri athari za mionzi katika miili ya wanavijiji. Walipimwa na majibu yakaandikwa, lakini wenyewe hawakuambiwa. Serikali ya Kazakhstan imekadiria kuwa walioathirika ni watu wapatao milioni moja na nusu, miongoni mwao wagonjwa wa saratani na watoto waliozaliwa na vilema.

Upande wa pili mambo hayakuwa tofauti sana. Mwaka 1946 wenyeji 167 wa Bikini walihamishwa kisiwani kwao, na katika visiwa vya Marshall yakafanyika majaribio 67 hadi 1958. Huko Nevada majaribio yalifanyika katika ardhi ambayo Wahindi Wekundu wa kabila la Shoshone wanaidai kuwa ni yao. Madola yaliyohitilafiana katika kila jambo yalikubaliana katika hili: mzigo atwishwe asiyekuwa na sauti.

Mizani ya fiqhi

Watetezi wa majaribio walikuwa na hoja, nayo isipuuzwe. Walisema kuwa wachache waliumia ili mamilioni wasalimike, kwani bila ya silaha hizi vita vya tatu vya dunia vingetokea. Mwanafunzi wa fiqhi ataikumbuka haraka kanuni ya kuwa madhara ya mtu binafsi huvumiliwa ili kuzuia madhara ya umma. Kanuni hiyo imo katika Majalla, mkusanyiko wa sheria wa dola ya Uthmaniya uliokamilika mwaka 1876. Je, haiwafai hawa?

Tutazame mifano ambayo mafaqihi wameitoa. Ukuta wa mtu ukiinamia njia, hubomolewa hata kama mwenyewe hataki. Tabibu jahili huzuiwa asitibu watu hata kama hiyo ndiyo riziki yake. Katika mifano yote miwili anayebeba madhara ni yule ambaye hatari imetoka kwake. Mchungaji wa Kaynar hakuwa na ukuta ulioinama, wala hakumtishia mtu yeyote.

Imamu Ghazali, katika kitabu chake cha Al-Mustasfa, aliingia ndani zaidi. Kuhusu kumdhuru asiye na hatia ili kuuokoa umma, aliweka masharti matatu: iwe dharura ya kweli, iwe ya yakini si ya kudhania, na iwe inahusu umma wote. Akatoa mfano wa watu waliomo chomboni baharini. Hata kama kumtosa mmoja wao kungewaokoa waliobaki, haijuzu. Sasa, majaribio 456 yalitimiza lipi katika hayo? Mwezi Agosti 1963 Marekani, Umoja wa Kisovieti na Uingereza zilitia saini huko Moscow mkataba wa kuacha majaribio ya angani, ya baharini na ya anga za juu. Kilichokuwa kikiitwa dharura kikaachwa kwa kalamu, na hakuna dola iliyoanguka kwa sababu hiyo.

Liko pia suala la dhamana. Kanuni nyingine ya Majalla ni kuwa dharura haifuti haki ya mwingine. Mwenye njaa aliyekula chakula cha mtu ili asife, hana dhambi, lakini analipa. Marekani ilipitisha sheria ya fidia kwa raia wake mwaka 1990, na Kazakhstan ikapitisha yake mwaka 1992. Visiwa vya Marshall vilitengewa mfuko wa dola milioni 150, ambao uliisha kabla ya kulipwa sehemu kubwa ya fidia zilizohukumiwa.

Walipopata sauti

Mwezi Februari 1989 jaribio la chini ya ardhi lilivujisha gesi yenye mionzi. Mshairi Olzhas Suleimenov, aliyekuwa akigombea ubunge, aliingia katika televisheni kusoma hotuba yake ya uchaguzi, akaiweka kando na kuwaita watu wakutane. Tarehe 28 Februari maelfu walikusanyika Almaty. Waliiita harakati yao Nevada-Semipalatinsk, wakijiunganisha na wenzao waliodhurika upande wa pili wa ugomvi. Wachimba makaa ya mawe wa Karaganda wakawaunga mkono. Jaribio la mwisho lilifanyika Oktoba mwaka huohuo, na tarehe 29 Agosti 1991, miaka 42 kamili tangu bomu la kwanza, uwanja ukafungwa kwa amri rasmi.

Kazakhstan huru ilirithi vichwa vya nyuklia zaidi ya 1,400. Kufikia Aprili 1995 vyote vilikuwa vimerejeshwa Urusi. Mwaka 2006 nchi tano za Asia ya Kati zilitia saini, mjini Semipalatinsk kwenyewe, mkataba wa kuifanya kanda yao isiwe na silaha hizo.

Lakini mlima wa Degelen ulibaki na plutoniamu ndani ya mashimo yake, na wenyeji maskini walikuwa wakiingia humo kuchimbua nyaya za shaba wakauze. Tangu 1996 hadi 2012 wataalamu wa Marekani, Urusi na Kazakhstan walifanya kazi pamoja, kwa siri, kuyaziba mashimo hayo. Mahasimu wa jana walikutana kufukia walichokiacha.

Mazingatio

Mkataba wa 1987 wa kuondoa makombora ya masafa ya kati ulikufa mwaka 2019, na Februari 2023 Urusi ilitangaza kusimamisha ushiriki wake katika mkataba wa 2010 wa kupunguza silaha. Lugha ya dharura imerudi katika vinywa vya wakubwa. Anayeulizwa hukumu ya silaha hizi asianze na swali la nani atashinda. Aanze na la Dolon na Bikini: ni nani atakayebeba madhara, na nani atakayemlipa? Qur'ani, katika Suratul Baqara aya ya 205, imemtaja anayetembea katika ardhi akiharibu mimea na vizazi, na kwamba Mwenyezi Mungu hapendi ufisadi. Katika nyika ya Wakazakh viliharibika vyote viwili.

Wallahu a'lam.